Tufe Mbele ya Mama Mkwe

Mwezi uliopita tulimzika Donatien. Ukiniondoa mimi, ni yeye tu aliyekuwa amebaki katika vijana walioinua chuma nyuma ya nyumba ya Papa Moniteri kule Katuba. Sasa nimebaki peke yangu, mzee mwenye magoti mazuri kuliko ya wanangu, na nalisema hilo bila aibu. Kwenye kilio niliinuka kitini bila kushikwa mkono, na mjukuu wa marehemu akanitazama sana. Kijana huyo ana mabega mapana, kila jioni anakwenda kwenye salle moja ya mazoezi mjini yenye vioo pande zote na mashine zinazong'aa, na anataka kuwa mrushaji wa tufe. Akaniuliza zamani tulipataje nguvu, maana hatukuwa na mashine wala dawa za kuongeza misuli. Nikamjibu: kwa miguu, na kwa mama mkwe. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa kwetu kilio hakikatazi kicheko ikiwa marehemu amekula chumvi nyingi. Lakini sikuwa natania. Nilirudi nyumbani na jibu lote likiwa bado kooni, na afadhali niliandike hapa kabla sijamfuata Donatien.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, mji ungali unaitwa Élisabethville. Katuba ilikuwa mpya, nyumba za matofali zikiota kila wiki, na katikati ya viwanja vichuguu vikubwa vilivyopita paa kwa urefu, ambavyo watu walikuwa wanavichimba udongo wa kufyatulia matofali. Nilikuwa kijana mwembamba, najifunza useremala kwenye karakana, na nilikuwa nimempenda Agathe, binti wa Papa Moniteri. Jina la Moniteri, yaani mwalimu, baba yake hakulipata shuleni. Alilipata jeshini, alikowafundisha askari mazoezi ya viungo, na alikwenda nao vitani hadi Abisinia. Alikuwa mfupi, kichwa kimenyolewa, filimbi shingoni hata siku ya Jumapili. Alipoacha jeshi alijiwekea nia moja: vijana wa mtaa wake watarusha tufe mbali kuliko vijana wa kambi zote za wafanyakazi mjini. Mpira wa miguu kila mtu aliucheza. Tufe hapakuwa na mtu aliyelijali, na ndiyo sababu yeye alilipenda. Letu lilikuwa mpira wa chuma wa kiwandani, wa kusagia mawe ya shaba, uliochakaa hadi ukafika uzito uliotakiwa.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa nimekunja mikono ya shati, kwa kuwa nilidhani mrushaji ni mkono. Hata Donatien alidhani hivyo. Yeye alikuwa mtoto wa Kasai, mkubwa, mcheshi, aliyeweza kubeba gunia la mahindi kwa bega moja huku anasalimia wasichana kwa mkono wa pili. Papa Moniteri hakutupatia tufe. Alitupatia kijiti cha ufagio, akatuambia tukiweke nyuma ya shingo, tupanue miguu, tuchuchumae na kuinuka, kifua mbele, kisigino chini. Tulifanya hivyo wiki nzima, na jirani wakatuuliza kama tunafundishwa kujisaidia. Baada ya kijiti likaja gunia la mchanga, la nusu kwanza. Baada ya gunia tukaupanda mteremko wa kichuguu tukiwa nalo mgongoni, polepole, bila kukimbia. Mwisho kabisa ndipo tukaruhusiwa kuishika ekseli ya wagoneti, kile kigari cha kubebea mawe mgodini, iliyotupwa pamoja na magurudumu yake mawili madogo, ambayo ilikaa mabegani vizuri utadhani iliumbwa kwa kazi hiyo. Donatien alinung'unika kwamba mikono yake inasinzia. Papa Moniteri akampiga kidole kwenye paja.

"Mukono iko ya mwisho," akasema. "Nguvu inaanza ku kisigino, inapanda ku goti, inapita mu kiuno. Mukono inasukuma tu kile muguu ilileta. Kama muguu haikuleta kintu, mukono itasukuma nini?"

Siku moja kazi, siku moja kupumzika: hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Aliyeonekana akiinua chuma siku ya kupumzika alifukuzwa, kwa kuwa, alisema, nyama ya mwili inaota mtu akiwa amelala. Alikataza pia kuongeza uzito kabla mtu hajaweza kuchuchumaa na kuinuka huku anazungumza bila kuhema. Nimewaona vijana wengi tangu wakati ule wakikimbilia uzito mkubwa wapate kujitazama kwenye vioo, kisha wakashika kiuno kama wazee. Haraka haraka haina baraka, na kwenye chuma haina hata mgongo.

Sasa niseme habari ya mama mkwe. Mwanzoni mwa kiangazi wajomba zangu walipeleka kwa kina Agathe vitu vya kwanza vya uchumba, vikapokelewa. Tangu siku hiyo Mama Odila, mama yake Agathe, akawa bukwe yangu, na sisi watu wa kaskazini ya Katanga tunajua maana yake. Baba mkwe unamheshimu, lakini mnaweza kusalimiana na kufanya kazi. Mama mkwe ni mlango uliofungwa. Humtazami usoni, huli mbele yake, humtaji jina, hukai kifua wazi anapopita. Mkikutana njiani unaacha njia, unampa mgongo, unangoja apite, naye anajifunika uso kwa kitenge. Si chuki hata kidogo. Ni namna ya kusema kwamba huyu aliyenizalia mke ni mkubwa mno kwa macho yangu. Desturi hiyo ilikuwa rahisi kijijini, ambako nyumba ya wakwe iko mbali. Katuba, kiwanja chetu cha mazoezi kilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwake, na kati yetu palikuwa na ua wa matete uliofika kifuani.

Kwa hiyo Mama Odila alibuni njia. Kabla ya kutoka jikoni aligonga sufuria kwa mwiko, nami nikiusikia mlio huo nilijua nina muda wa kupumua mara chache tu. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mtu ana ekseli mabegani, yuko katikati ya kuchuchumaa, sufuria inalia! Donatien akichoka aliiachia tu ekseli ianguke, ardhi ikatetemeka. Mimi sikuweza. Kuangusha chuma kwa kishindo karibu na jiko la mama mkwe ni sawa na kumfokea. Ilinibidi nishuke nayo polepole, mapaja yakiwaka moto, hadi iguse mchanga bila sauti, ndipo nikimbilie chini ya ua, nijikunyate na kuvaa shati. Ilikuwa hivyo kila jioni ya mazoezi, mara nyingi kwa jioni moja, kwa kuwa mwanamke anayepika hutoka nje kwa maji, kwa kuni, kwa chumvi ya jirani. Papa Moniteri ndiye aliyeona kwanza kilichokuwa kinatokea. Mapaja yangu yalikuwa yanajaa kuliko ya wote. Agathe alilazimika kufumua suruali zangu na kuongeza kitambaa pembeni. Baba yake akaamuru wote waishushe ekseli polepole kama mimi, na Donatien akasema bukwe yangu ni dawa ya magoti, basi wamtafutie na yeye mchumba haraka.

Baada ya mazoezi tulikula, na hapo ndipo nilipoumia kidogo. Donatien, ambaye hakuwa mkwe wa mtu, alikaa jikoni kwenye kiti cha miguu mitatu, akapewa bukari ya moto, ugali wa kwetu, samaki wa Kasenga aliyekaushwa kisha akapikwa kwa nyanya, na sombe, yaani kisamvu, yenye karanga, huku anamchekesha Mama Odila. Mimi nilifungiwa sebuleni peke yangu. Agathe aliniletea beseni iliyofunikwa kitambaa cheupe, akaiweka mezani, akacheka kimya, akatoka. Chumba kile nakijua hata leo nikifumba macho: viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, Moyo Mtakatifu ukutani, baskeli ya Papa Moniteri imeegemea kabati kwa kuogopa wezi, harufu ya nta ya sakafu. Nilikula kwa pupa, njaa ya chuma si njaa ya mchezo, kisha nikanywa munkoyo wa mahindi kwenye kikombe cha bati na kusikiliza sauti za jikoni kupitia ukuta. Ukuta ulikuwa tofali moja tu.

Jioni moja Donatien alikuwa ameondoka mapema. Mama Odila alikuwa anachambua mboga na jirani yake, na mimi nilikuwa na tonge mkononi niliposikia ninasemwa. Jirani alisema binti yako amepata kijana mwenye heshima, kila mtu anaona anavyokimbia. Mama Odila akaendelea kuchambua.

"Heshima iko muzuri," akasema. "Siku atanikosea, vitu vyake vinarudia kwabo, ata mara moya tu. Lakini miye mambo ingine njo inanisumbua. Muntu mwenye kukimbia kila siku, ile siku taabu itafika, atasimamia mutoto wangu? Ao atakimbia vilevile? Siyajui kama ule kijana ananiheshimu ao iko na woga tu."

Sikuweza kulimaliza lile tonge. Ningejibu nini, na ningemjibu vipi mtu nisiyeruhusiwa kusema naye? Nikisimama mbele yake nimemkosea, uchumba umekwisha. Nikiendelea kukimbia ninamthibitishia kwamba ni mwoga. Nilimwambia Agathe tukiwa kwenye foleni ya bomba la maji. Yeye hakutikisika. Aliniambia mama yake ana kichwa kigumu lakini hana moyo mbaya, na kwamba jibu litajileta lenyewe nikiwa tayari. Ilikuwa ile ile sheria ya baba yake ya kuongeza uzito, kwa sauti nzuri zaidi.

Miezi ikaenda. Mvua zilinyesha, tukainua chuma chini ya paa la bati. Mvua zikaisha, vumbi jekundu likarudi. Papa Moniteri alikuwa ametukabidhi tufe tangu wakati wa mvua. Namna yake ilikuwa ya zamani: unasimama ubavu umeelekea kule unakorusha, unaruka hatua moja ndani ya duara, unasukuma. Kwa namna hiyo Donatien alinishinda mwanzoni kwa urefu wa baskeli. Kufikia Pasaka alinishinda kwa urefu wa mkono. Nilipokuwa nasukuma nilianza kuusikia ule mzigo ukitoka kisiginoni kweli, ukipanda, ukinipita na kuondoka kana kwamba si mimi niliyeurusha. Nimepata furaha nyingi maishani, nimezaa, nimejenga, lakini ile ya kujua kwamba mwili wako umeelewa jambo ni ya peke yake. Nilianza kutembea mtaani kama mtu anayelipwa na serikali. Donatien alisema hata kivuli changu kimenenepa.

Mashindano ya mitaa na kambi yalifanywa katikati ya kiangazi kwenye uwanja mkubwa. Wazungu walikaa kwenye kivuli na chupa zao za bia, fanfare ya tarumbeta ikapiga, na sisi tukasimama juani. Wanaume wa mitaa walipangwa kando ya njia ya mbio. Wanawake waliambiwa wakae kwenye majani upande wa mwisho, nyuma ya kamba, kule tufe lilikokuwa linaelekea. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo, Mbelgiji kijana mwenye kofia nyeupe. Kila mrushaji alikuwa na nafasi tatu, na Donatien alianza vizuri sana. Kigingi chake kilisimama mbele ya vyote. Likaitwa jina langu. Nikaingia duarani na fulana yangu isiyo na mikono, nikaliweka tufe shingoni, nikainua macho kupima mbali. Mstari wa mbele kabisa, katikati, kitenge cha kijani, alikuwa Mama Odila.

Miguu ilifanya ilivyozoea. Nililiweka tufe chini polepole bila sauti, nikatoka duarani, nikaenda kujificha nyuma ya watu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwamuzi akaandika kwamba nafasi ya kwanza imepotea, akasema nikitoka tena hivyo nimeondolewa. Vijana wa kambi moja wakapiga mluzi, wakasema Katuba wameleta mrushaji anayeogopa tufe. Neno hilo la kuogopa lilinichoma kuliko mluzi wenyewe, kwa kuwa nilijua kule mbele kuna mtu mwingine anayelifikiria. Papa Moniteri akaja. Nilitumaini ataniambia la kufanya, kama alivyoniambia mwaka mzima. Alikuwa anatoka jasho kichwani.

"Ule iko bibi yangu, na kwako iko bukwe," akasema. "Siwezi kukuambia umuangalie. Na siwezi kukuambia uache. Fasi ya leo, miye sina kitu. Tafuta weye mwenyewe."

Nikaenda nikavaa shati langu la Jumapili, la mikono mirefu, nikalifunga vifungo hadi shingoni. Kicheko kikarudi, mimi sikukisikia tena. Nilikuwa nimepoa. Nilipoitwa mara ya pili niliingia duarani kwa nyuma, nikasimama hapo, na nikampa Mama Odila mgongo, wote, kama vile tumekutana njiani. Ila sikuacha njia. Tufe shingoni, macho kwenye vumbi, nikachuchumaa kama nilivyochuchumaa mara ngapi sijui karibu na jiko lake, nikajisukuma kinyumenyume. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Kwa ubavu ninaanza mgongo ukiwa umekwisha kugeuka nusu. Safari hii kiuno kilikuwa na mzunguko mzima wa kusafiri kabla mkono haujaitwa. Kisigino kikagonga, goti likanyooka, kiuno kikageuka, na nilipofika mbele nilikuwa nimeyapeleka macho juu angani ili yasimguse. Tufe lilitoka bila mimi kulisukuma kwa chuki wala kwa haraka. Nikageuka papo hapo, nikatokea nyuma ya duara, ambako ndiko sheria ya mchezo inakotaka mtu atokee. Sikuona lilipoangukia. Nilisikia wanawake wakipiga vigelegele, na Donatien akaja mbio, akaninyanyua juu na shati langu la Jumapili, akisema nimempita, nimempita mbali, mshenzi mimi.

Nafasi ya tatu ilikuwa fupi na sikujali. Mwamuzi alikuja na futi yake mkononi akamwuliza Papa Moniteri ni nani aliyenifundisha kuanza kwa kugeuza mgongo. Alisema ameona picha ya namna hiyo kwenye gazeti, Mmarekani mmoja, na kwamba Ulaya kwenyewe bado wanabishana kama inafaa. Papa Moniteri akasimama kijeshi, akamjibu kwa Kifaransa cha kambini kwamba kijana amefundishwa na mama mkwe wake. Mzungu akadhani anachezewa. Papa Moniteri akalirudia jibu lile lile, kwa uso ule ule, na mpaka anakufa hakulibadilisha.

Kwa siku kadhaa hakuna aliyekuja kuniambia lolote kutoka nyumbani kwa kina Agathe. Nilishinda kazini nikipiga randa mbao ambazo zilikuwa zimekwisha kunyooka. Je, nilikuwa nimemkosea? Kumrushia mama mkwe chuma, hata kwa mgongo, ni jambo ambalo wazee hawakuwahi kulitolea hukumu. Agathe mwenyewe hakuonekana bombani. Jumamosi akaja shangazi yake, akaniambia nioge, nivae vizuri, nimfuate.

Akaniingiza sebuleni kwa kunishika mkono, akanikalisha kwenye kiti kimojawapo. Mezani palikuwa na bukari nyeupe na kuku mzima aliyepikwa kwa karanga, hakukosa hata firigisi. Nilijua maana yake. Ni chakula anachopikiwa mkwe siku mlango unapofunguliwa, na kwetu kuna watu waliokingoja hadi wakazaa watoto watatu. Lakini nilijua pia kwamba hakiwi kitu mpaka aliyekipika aseme. Papa Moniteri alikuwa amekaa, filimbi mfukoni. Mlango wa jikoni ukafunguka, nikaona miguu ya Mama Odila ikiingia. Nikainama, nikaanza kugeuka kwenye kiti.

"Hapana kugeuka," akasema. Mwaka mzima nilikuwa nimeisikia sauti hiyo kupitia tofali, na haikuwahi kusemwa kwangu. "Ile siku balitaka kuniweka nyuma na bamama bengine. Nilikatala. Nilikaa mbele juu ya kuona utafanya nini. Ungelikimbia mara ya pili, ningelirudisha vitu. Ungeliniangalia, ningelirudisha vilevile. Weye ulisimama, na hukuniangalia. Basi. Mutoto wangu nimekupa. Inua kichwa, mwana, tukule."

Nikainua kichwa. Kitenge kilikuwa mabegani mwake, uso wazi, na alikuwa analia mbele yangu bila kujifuta.